Koo Lisiminywe: Mwongozo wa Sauti kwa Waliobadili Jinsia, Arua na Koboko

Simu haioni nguo. Mwanamke aliyebadili jinsia anaweza kuzunguka sokoni Arua tangu asubuhi, akanunua simsim na mihogo mikavu, akaitwa mama na kila muuzaji, halafu jioni akapiga simu kampuni ya mtandao kwa sababu pesa zake zimekwama, na jibu la kwanza likawa "ndiyo bwana". Hapo ndipo wengi huamua kuishughulikia sauti, na hapo ndipo wengi huiumiza. Huminya koo, hupandisha sauti hadi pasipo na pa kupanda, hukaa huko siku nzima, na baada ya wiki chache sauti imepwelea. Wanaume waliobadili jinsia hukosea kwa upande wa pili: husukuma kikoromeo chini, hunguruma, na koo huishia kuuma vilevile.

Makosa yote mawili yanatokana na imani moja, kwamba sauti ya kike ni ya juu na ya kiume ni ya chini, basi. Imani hiyo ndiyo ya kuiacha kwanza.

Simu yenyewe ni ushahidi. Mtandao wa kawaida hupitisha mawimbi ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi. Mtetemo wa msingi wa nyuzi za sauti, awe anayeongea mwanamume au mwanamke, uko chini ya kiwango hicho, na sikio la msikilizaji hulazimika kuukisia kutokana na mawimbi ya juu yake. Kinachofika vizuri ni mwangwi wa koo na mdomo, pamoja na namna mtu anavyopandisha na kushusha sentensi. Mhudumu aliyesema "bwana" alisikia zaidi ukubwa wa koo kuliko kidatu cha sauti, yaani ujuu au uchini wake.

Ushahidi mwingine uko West Nile kwenyewe, kanda ya Uganda yenye Arua na Koboko. John Middleton, mwanaanthropolojia aliyeishi kwa Walugbara mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kuhusu cere, mwito ambao kila mwanamume alikuwa na wake, ukipigwa kwa sauti nyembamba ya juu, ile ambayo wanakwaya huiita sauti ya kichwa. Ulikuwa mwito wa juu na bado ulikuwa wa kiume. Kidatu peke yake hakijawahi kumfanya mtu kuwa mwanamke, wala Arua wala kwingineko.

Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili ya misuli na ngozi laini ndani ya zoloto, yaani kikoromeo. Kwa mwanamume mzima zina urefu wa milimita 17 hadi 21 hivi, kwa mwanamke ni fupi kuliko hizo. Hewa kutoka mapafuni huzitetemesha. Mtu anayeongea kwa hezi 120 anazigonganisha mara 120 kila sekunde, na anayeongea kwa hezi 200 mara 200. Zikigongana kwa ulaini, hazichoki upesi. Zikibamizwa kama mlango kwenye upepo wa Januari, huvimba, na uvimbe ukikaa sana huota vinundu. Walimu wanakijua kisa hiki vizuri kuliko watu wengi. Tangu Uganda ilipoanza elimu ya msingi ya bure mwaka 1997, na zaidi katika shule zinazopokea wakimbizi, darasa la wanafunzi zaidi ya 100 si ajabu, na mwalimu hulipazia sauti kutwa. Aliyebadili jinsia ambaye pia ni mwalimu, mhubiri au mpiga debe wa stendi ana mizigo miwili kwenye koo moja, na lazima apunguze mmoja kwanza. Kibao cha kugonga, filimbi au kikuza sauti kidogo cha kuvaa shingoni kitamfaa kuliko zoezi lolote.

Kuhusu homoni, mambo ni mawili tu. Testosteroni hunenepesha nyuzi za sauti. Mwanamume aliyebadili jinsia anayeitumia chini ya daktari huanza kusikia sauti ikishuka ndani ya miezi michache, na kwa kawaida huwa imetulia baada ya mwaka mmoja hivi. Katikati ya safari hiyo sauti hupasuka, hukosa nguvu na hukataa noti za juu, sawa na ya mvulana anayebalehe. Huo si wakati wa kuimba kwa nguvu kwaya ya Pasaka wala wa kulazimisha sauti ishuke haraka zaidi. Na ikishashuka hairudi, hata dawa ikiachwa. Estrojeni kwa upande wake haipandishi sauti ya mtu mzima hata kidogo, kwa sababu haipunguzi unene uliokwisha kujengeka. Wanaomeza vidonge vya uzazi wa mpango kwa matumaini ya sauti nyembamba wanajiongezea hatari ya damu kuganda, na sauti inabaki palepale.

Kwa hiyo wanawake waliobadili jinsia, karibu wote, wanabaki na mazoezi. Habari njema ni kwamba mazoezi hufanya kazi, na vifaa vyake havizidi mrija wa soda na chupa ya maji.

Jaza maji chupa hadi nusu. Tumbukiza mrija kiasi cha vidole viwili ndani ya maji, funga midomo kuuzunguka, kisha toa sauti ya "uu" huku ukipuliza ili maji yabubujike. Sauti isitoke puani wala pembeni mwa midomo. Endelea kwa sekunde tano au sita, pumzika, rudia. Ukishazoea, ipandishe na kuishusha taratibu, kutoka chini hadi juu na kurudi, bila kuilazimisha pale inapokatika. Msukumo wa maji unairudisha hewa kidogo, na hewa hiyo huziweka nyuzi za sauti zikutane bila kubamizana. Wataalamu wa sauti wa Ulaya na Marekani huwapa zoezi hili waimbaji, walimu na wagonjwa wa koo, na waliobadili jinsia ni kundi mojawapo tu. Dakika tano asubuhi, tano mchana na tano jioni zinatosha. Anayefanya saa nzima kwa mkupuo mmoja siku ya Jumapili anajichosha bure.

Chupa ikikosekana, vuma. Funga midomo, toa "mmm" kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo mpaka midomo na pua ziwashe. Mwasho huo ni dalili kwamba mwangwi umesogea mbele. Sasa ufungue mvumo uwe neno, na Kiswahili kimejaa maneno ya kufaa: "mimi", "mama", "nina", "mimina". Sema "mimi nimenunua ndimu" polepole, ukiusikia mlio mbele, karibu na meno. Irabu ya "i" huuinua ulimi na kuubana uwazi wa mdomo, na uwazi ukipungua sauti husikika kuwa ya mtu mwenye koo dogo. Kwa wastani njia ya sauti ya mwanamume, kutoka zoloto hadi midomoni, ni sentimita 17 hivi, na ya mwanamke ni 14. Hakuna anayeweza kukata sentimita tatu kwa mazoezi, ila ulimi ukisogezwa mbele na midomo ikitanuliwa kidogo kama ya anayetabasamu, sikio hudanganyika vya kutosha. Mwanamume aliyebadili jinsia aende kinyume: aanzie kwenye "o" na "u", "juzi tuliuza kuku", taya limelegea, koo limetulia, sauti ikitetema kifuani. Aweke kiganja juu ya kifua ausikie mtetemo. Shingo ikikaza au kidevu kikishuka kugusa kifua, amepotea njia. Aache, ameze mate, aanze upya.

Baada ya wiki kadhaa za hayo ndipo kidatu kinapofaa kuguswa. Wanaume wengi huongea kati ya hezi 100 na 130, wanawake kati ya 180 na 220. Kati ya 145 na 175 hivi kuna eneo ambalo msikilizaji huamua kwa vigezo vingine, na mwanamke aliyejenga mwangwi wake vizuri anaweza kuishi humo bila kuchoka. Kukimbilia 220 hakuna faida. Asiye na programu ya kupima sauti simuni atafute gitaa la kanisani lililopimwa sawasawa: waya wa tano ukipigwa wazi hutoa hezi 110, wa nne 147, wa tatu 196. Mwanamke ajaribu kuongea karibu na waya wa nne au juu yake kidogo, si kuuparamia wa tatu. Adungu, ala ya nyuzi ya kienyeji, haisaidii hapa, maana kila fundi huipima kwa sikio lake.

Sasa jambo ambalo miongozo iliyoandikwa London au Chicago hailijui. Kilugbara ni lugha ya toni, na Kikakwa pia. Silabi moja ikitamkwa juu, katikati au chini huweza kuleta maana tofauti kabisa, na padri J. P. Crazzolara, mmisionari wa shirika la Wakomboni aliyechapisha kitabu cha sarufi ya Kilugbara mwaka 1960, alilazimika kuzishughulikia toni hizo kwa makini. Mwanamke anayeipandisha sauti yake yote hadi kwenye dari hana tena nafasi ya toni za juu. Zinagonga dari, zinafanana na za kati, wasikilizaji wanauliza "umesemaje?", naye anaminya koo zaidi ili aeleweke. Toni ni masafa kati ya silabi na silabi, si kimo cha sauti nzima, ndiyo maana mtoto na babu wanaelewana ingawa sauti zao hazikutani popote. Hivyo anayezungumza Kilugbara au Kikakwa achague makao ya sauti yaliyo chini kidogo kuliko anavyotamani, abakize nafasi juu ya makao hayo, kisha azipe toni zake upana wote. Toni zote zikihamia juu kwa pamoja, lugha haiharibiki.

Kuna njia ya mkato inayofaa katika mji wenye lugha nyingi. Kiswahili hakina toni, na Kiingereza pia hakina. Anza sauti mpya katika lugha hizo mbili, sokoni na kazini, na uiache lugha ya nyumbani mpaka mwisho. Koboko ni rahisi zaidi kwa hili: Kiswahili, Kinubi, Kilingala na Kiarabu cha Juba vinasikika katika safari moja ya dukani, na mtu kubadilisha mlio anapobadilisha lugha hakumshtui yeyote. Ila ujue kwamba hasira na hofu huirudisha lugha ya mama, na sauti ya zamani hurudi nayo. Kwa hiyo usisubiri siku ya ugomvi ndipo ujaribu Kilugbara kwa sauti mpya. Anza na salamu, "mi ngoni", ambayo hutamkwa mara nyingi kwa siku bila kufikiri, kisha uende kwenye sentensi ndefu.

Kunong'ona si mapumziko. Wengi huchagua mnong'ono wenye pumzi nyingi kwa kuudhani kuwa laini na wa kike. Mnong'ono wa kulazimisha hukausha nyuzi za sauti na mara nyingi hukaza misuli inayozizunguka. Sauti ndogo iliyo wazi ni salama zaidi. Kujikohoza kila dakika ili kusafisha koo nako ni kubamiza. Kunywa maji funda moja au meza mate badala yake.

Kifua kilichofungwa hulipeleka tatizo shingoni. Wanaume waliobadili jinsia wanaojifunga kwa bandeji za kuvutika hubana mbavu, pumzi hukosa pa kwenda, na koo hufanya kazi ambayo mapafu yangeifanya. Bandeji za hospitali zisitumike kabisa, kwa sababu huzidi kukaza mtu anapotembea. Fulana ya kubana iliyoshonwa vizuri, isiyovaliwa zaidi ya saa nane wala kulaliwa, ina nafuu, na ivuliwe kabla ya kufanya mazoezi ya sauti.

Hali ya hewa nayo ina neno. Kuanzia Desemba hadi Februari West Nile hukauka, vumbi hupanda, na koo hukauka pamoja na majani. Maji yanywewe mpaka mkojo uwe wa rangi hafifu. Koboko ina Waislamu wengi, na mwezi wa Ramadhani mazoezi yahamie baada ya kufuturu. Kufanya kazi ya koo saa kumi jioni bila maji tangu daku ni kulitesa. Moshi wa kuni jikoni, sigara na pombe ya kwete ya usiku wa manane hukorofisha zaidi. Pombe na chakula kizito kabla ya kulala huleta kiungulia, asidi hupanda hadi kwenye zoloto, na mtu huamka na sauti ya kukwaruza akilaumu mazoezi. Acha saa tatu zipite kati ya mlo na kitanda.

Na usiongee juu ya kelele. Abiria wa bodaboda anayepiga simu akiwa njiani hupiga kelele bila kujua, na basi la usiku la kwenda Kampala ni karibu kilomita 500 za kushindana na injini. Kwenye kelele sauti ya zamani hutoka yenyewe, kwa kuwa ndiyo yenye misuli. Subiri ufike.

Mahali pa kufanyia mazoezi ni swali zito kuliko zoezi lenyewe. Kuta za nyumba za kupanga ni nyembamba, na majirani wana masikio. Tangu rais aliposaini Sheria dhidi ya Ushoga tarehe 26 Mei 2023, waliobadili jinsia wengi nchini wanaishi kwa kujificha, ingawa kubadili jinsia na ushoga ni mambo mawili tofauti. Wapangishaji na polisi hawasumbuki kuyatenganisha. Kuimba ndiko kunakomlinda mtu. Arua ni mji wa kwaya, kuanzia kanisa kuu la Ediofe hadi makanisa ya mabati, na mtu anayevuma na kupandisha sauti chumbani anaonekana anajiandaa kwa Jumapili. Mwalimu mzuri wa kwaya pia anajua pumzi na mwangwi kuliko anavyodhani, hata kama hatajua kwa nini mwanafunzi wake anataka kutoka besi kwenda teno. Usijirekodi kwenye simu ambayo wengine wanaijua namba ya siri, na futa rekodi ukishazisikiliza.

Wataalamu wa tiba ya matamshi na sauti ni wachache. Makerere ilianza kuwafundisha mwaka 2008, na walio wengi wako Kampala. Upasuaji wa kupandisha kidatu upo duniani. Ule unaotumika zaidi ulibuniwa na Jürgen Wendler wa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1980, na hufupisha sehemu ya nyuzi inayotetema. Hubadilisha kidatu tu, mwangwi hubaki ulivyo, na sauti hupoteza nguvu. Cleopatra Kambugu, Mganda ambaye filamu ya The Pearl of Africa ya mwaka 2016 ilimfuata, alilazimika kwenda Thailand kwa upasuaji wake wa kubadili jinsia. Kwa mtu wa Koboko mwenye shilingi za kuhesabu, upasuaji wa koo si mpango wa kuanzia, na hata mwenye fedha angeshauriwa amalize mazoezi kwanza.

Ukiumia, nenda hospitali. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua ndiyo inayopokea wagonjwa wa West Nile nzima. Ulizia huduma ya masikio, pua na koo. Kutoka Koboko ni lami tupu, kilomita 55 hivi. Kuchunguzwa koo hakuhitaji maelezo ya maisha yako. "Sauti imepwelea, naongea sana kazini" ni maelezo kamili na mara nyingi ni ya kweli. Anayetumia testosteroni ana hesabu ngumu zaidi: daktari asipojua, anaweza kutafuta ugonjwa ambao haupo. Hapa ujuzi wa sheria unasaidia. Mahakama ya Katiba, katika hukumu ya tarehe 3 Aprili 2024, iliiacha sehemu kubwa ya Sheria dhidi ya Ushoga isimame, lakini ilikifuta kifungu cha 14 kilichomlazimu kila mtu kutoa taarifa polisi za anayeshukiwa kuivunja. Hati ya Wagonjwa ya wizara ya afya nayo inatambua usiri wa mgonjwa. Karatasi haizuii ulimi wa mtu, kwa hiyo pima kwanza mtu aliye mbele yako, na usimwambie lolote mbele ya wagonjwa wengine kwenye foleni.

Dalili za kuacha mazoezi siku hiyohiyo ni hizi: maumivu wakati wa kuongea, sauti kukatika ghafla katikati ya neno, au hisia ya kitu kilichokwama kooni. Pumzisha sauti siku mbili, kunywa maji, kisha rudi kwenye mrija peke yake. Ukikohoa damu, ukapata shida ya kupumua au kumeza, au uvimbe ukatokea shingoni, usingoje hata siku moja. Na sauti ikipwelea kwa wiki tatu bila mafua, usiingoje ya nne. Panda gari uende Arua ukachunguzwe.